Busta Azushiwa Kifo

Siku ya tatu Noah ilikuwa bado chini ya mwembe, mlango wa nyuma umeinuliwa kama kinywa cha mgonjwa anayengoja kung'olewa jino. Karakana yenyewe iko Ng'ambo, Tabora: mabati manne, benchi moja lenye jiliwa, matairi yasiyo na mwenyewe, na huo mwembe. Gari ni la matangazo. Asubuhi hutangaza msiba, mchana mnada wa mitumba, Jumamosi hutangulia msafara wa bwana harusi likitikisa vioo vya nyumba za watu. Sasa lilikuwa kimya, na mtaa, kusema kweli, ulikuwa umelala vizuri siku mbili mfululizo. Zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, lakini kilichowapa watu wa Ng'ambo usingizi hazikuwa kanuni. Ilikuwa hitilafu.

Fundi alikuwa ameshatoa hukumu. Aliingiza kichwa kwenye buti, akamgonga Busta, kile kikuza sauti cha gari, mara mbili kwa mpini wa bisibisi, akatega sikio, akainuka akipangusa mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Hii imekufa, bosi. Tutafute nyingine." Bosi akaguna, akahesabu noti, fundi akapanda bodaboda kuelekea madukani. Dogo, kijana anayejifunza kazi pale, akaenda kwa mama ntilie. Karakana ikabaki na wale ambao hakuna aliyewauliza kitu.

"Jamani," alisema Busta, "mimi sijafa."

Wakatazamana. Maiti akisema hajafa, jirani hukosa la kujibu.

"Wafu wote husema hivyohivyo," alisema Sabwufa kutoka kwenye kasha lake la mbao lililovikwa zulia. Alikuwa wa inchi 12, kijana, mwenye kifua. "Mimi tangu juzi sijatikisika. Aliyekuwa ananitikisa ni wewe. Hunitikisi, basi umekufa. Hesabu ya wapi hiyo inayohitaji mwalimu?"

"Mwangaluka, wajukuu," ikasema sauti kutoka kwenye shina la mwembe.

Alikuwa Punda. Mkokoteni wake ulikuwa umeletwa kulehemiwa ekseli, na kwa kuwa fundi wa kulehemu alikuwa ndiye huyohuyo fundi wa redio, naye alikuwa na siku mbili pale. Busta akaitikia kwa heshima, akamwamkia shikamoo. Sabwufa hakuamkia. Yeye alikuwa na wati.

"Marahaba, mwanangu Busta. Basi nawe umezushiwa kifo. Usihuzunike, hujawa wa kwanza kwenye njia hii. Mwaka 1871..."

"Ameanza," alisema Sabwufa.

"Mwaka 1871," aliendelea Punda, ambaye hajawahi kukatishwa na kitu chepesi kuliko fimbo, "kulikuwa na mzungu mmoja Ujiji, akiitwa Livingstone. Huyo alishazushiwa kifo mapema: mwishoni mwa 1866 wapagazi waliomtoroka walifika Unguja wakasema ameuawa. Hakuwa ameuawa. Baadaye akanyamaza tena, miaka, barua haziji, na huko Ulaya wakaanza tena kunong'onezana kwamba safari hii kweli amekwenda. Na yeye yupo Ujiji, mgonjwa, mali zake zimeliwa, lakini mzima, anakaa barazani anangoja. Unajua barua zake zilikuwa wapi?"

"Wapi, babu?" aliuliza Busta.

"Hapa! Unyanyembe! Mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulitoka pwani ukaja ukalala hapahapa Tabora. Mtu wa Ujiji anaonekana bubu, na maneno yake yamekwama kwa jirani zangu. Mpaka Stanley alipopita akauchukua, akaufikisha Novemba 1871, mwaka mzima umeshapita. Kwa bahati njema gazeti la Marekani lililomtuma halikuwa na fundi kama wetu. Lingekuwa naye, lingeagiza Livingstone mwingine."

Redio, aliyekuwa kwenye dashibodi, alicheka kwa adabu, kama wachekavyo wageni wasiojua vizuri lugha. Yeye alitoka Japani pamoja na gari. Kioo chake kiliandika kwa herufi ambazo hakuna mtu Tabora anayezisoma, na mawimbi yake ya FM yalianzia 76 na kukomea 90, kwa kuwa huko kwao ndivyo ilivyokuwa imepangwa. Tangu alipopanda meli alikuwa hajasikia kituo hata kimoja kilicho juu ya hapo. Watu walimwona mjinga. Yeye alijua tu kwamba vituo vingine viko nje ya masikio yake.

"Huyo Stanley unamsifia?" aliuliza Fyuzi.

"Nimsifie nini? Alitoka Bagamoyo na punda 27, na wengi wao hawakuiona Tabora. Hilo ndilo ninalolikumbuka mimi katika habari zote za uvumbuzi. Lakini jambo moja alilifanya sawa: alipita njia. Hakukaa pwani akagonga meza kwa bisibisi akasema amekufa."

Wakati huo ikasikika sauti nyembamba kutoka kwenye droo ya benchi, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi nyingi.

"Nani amekufa? Amepimwa?"

Alikuwa Mita, kile kipimo cha njano cha volti na omu, chenye nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Alinunuliwa karakana ilipofunguliwa, akatumika wiki mbili, betri yake ndogo ya volti 9 ikaisha, akawekwa droo. Huko alikuta spana iliyovunjika na picha ya mgombea wa uchaguzi uliopita. Tangu hapo karakana nzima ilipima kwa kugonga, kwa kunusa, na kwa kugusisha waya kwenye bodi ili kuona cheche.

"Hajapimwa," alisema Punda.

"Taa yake?"

"Haiwaki kabisa," Busta alijibu mwenyewe. "Wala ya kijani, wala nyekundu."

"Haiwaki kabisa!" Mita alijitahidi kupaza sauti. "Basi ninyi hamna maiti, mna mtu aliyelala gizani. Kama ingewaka nyekundu ningekuwa na wasiwasi. Nyekundu maana yake anajilinda: kuna shoti kwenye spika, au joto limezidi, au transista zake za kutolea sauti zimeungua. Hapo unachomoa nyaya za spika zote. Nyekundu ikiondoka, mbaya ni spika au waya wake. Ikibaki, mfungueni, huenda kweli ameungua ndani. Sisemi mabusta hayafi. Yanakufa. Lakini yakifa huacha ushahidi. Huyu amenyimwa umeme, na aliyenyimwa chakula hamumzikii njaa yake."

"Mimi nasema amekufa," alisema Sabwufa.

"Na wewe," alinong'ona Mita, "ulipimwa na nani?"

Sabwufa akanyamaza.

"Namuuliza huyu shahidi. Ukimya umetoka kwenye kinywa chake, si cha Busta. Chukueni betri ya tochi ya volti moja na nusu, mguseni nayo kwenye nyaya zake mbili, mara moja, haraka. Akisema *tup* na karatasi yake ikaruka kidogo, yu hai. Au niletwe mimi nipime koili yake: spika ya omu 4 husoma tatu na kitu. Nikisoma hakuna njia kabisa, koili imekatika, na tutakuwa tumemlilia mtu mwingine."

"Mimi ni wa wati 3000," alisema Sabwufa, kwa namna ya mtu anayetaja ukoo wake polisi. "Mimi na Busta sote. Imeandikwa. Bila sisi mji huu hauna muziki."

Hapo Punda aliinua masikio yote mawili.

"Mji huu," alisema, "ulicheza Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukacheza Nyanyembe Jazz, ukacheza Tabora Jazz, watu wakitoka jasho mpaka alfajiri, wakati wewe hujawa hata mbao. Tuache hilo. Wati ngapi umesema?"

"Elfu tatu."

"Na Busta ubavuni ana fyuzi ya ampea ngapi?"

"Thelathini," alisema Busta, akiinamisha macho.

"Na betri ni volti 12. Mimi ni punda, sikusoma Tabora Boys kama Nyerere, lakini thelathini mara kumi na mbili ni 360. Injini ikiwaka volti hupanda hadi kama 14.4, basi 432. Hizo ni wati zinazoingia. Na busta la aina hii hula karibu nusu likazigeuza joto, ndiyo maana mgongo wake una mbavu za bati. Kwako inafika mia mbili na kitu. Hizo elfu mbili na mia saba nyingine mnazitoa wapi? Mnazikopa saccos?"

"Zimeandikwa," alirudia Sabwufa.

"Haya, na mimi niandikwe. Niandikwe ubavuni: TANI TATU. Kesho nitabeba tani tatu? Mkokoteni uandikwe SCANIA. Mwembe uandikwe PWEZA, tuone kama utaogelea. Kiti cha fundi kiandikwe URAIS. Huyu mama ntilie aandike kwenye sufuria BIRIANI ya watu mia tano, ndani mna ugali na dagaa wa Kigoma. Vijana wa mji huu wameamua kuuita Toronto. Toronto! Kila siku naamka naangalia kama theluji imeanguka Ipuli. Naona vumbi. Ukiandikwa Toronto hupati theluji, ukiandikwa wati elfu tatu hupati wati elfu tatu, ukiandikwa fundi..."

"Babu, taratibu," alisema Busta.

"...hupati fundi," alimaliza Punda, akatafuna jani kavu ili kujituliza.

Fyuzi alikuwa amekaa karibu na Betri mbele ya gari, kwenye kikasha chake cha plastiki. Alitaka naye asikilizwe. "Mimi alinitazama kwa macho," alisema. "Akaniona ninang'aa, akasema mzima. Kwa bahati kweli ni mzima. Lakini ningeweza kuwa nimekatika chini ya kofia, mahali jicho haliingii. Fyuzi hapimwi kwa kutazamwa. Unaangalia volti upande wa huku, unaangalia na upande wa kule. Na nashukuru ni mimi niliyepo. Aliyenitangulia alikuwa karatasi ya pakiti ya sigara."

Betri alitetemeka kwa kumbukumbu.

"Karatasi ya sigara!" alisema Punda. "Wewe ndiye mtemi wa Ugogo, misafara isiyolipa hongo haipiti."

"Hapana, babu, mimi sitozi. Kazi yangu ni kukata njia unapopita umeme mkubwa kuliko waya unavyoweza kubeba. Watu hudhani namlinda Busta. Namlinda waya, yeye anapita chini ya zulia mita nne, pembeni mwa petroli. Akipiga shoti na mimi sipo, hawaungui Busta na Sabwufa, inaungua Noah na waliomo. Ndiyo maana natakiwa niwe karibu na Betri, isizidi nusu mita, maana kipande kilicho kati yangu na Betri hakina mlinzi."

"Basi wewe ni Mirambo," alisema Punda. "Mwaka huohuo wa 1871 alifunga njia ya kutoka hapa kwenda Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu wakamwita mhalifu. Mwenyewe alikuwa na hoja zake juu ya nani apite na kwa masharti gani. Stanley alijitia kwenye vita ile, akashindwa, akazunguka kusini mpaka akafika. Lakini sikiliza: wakati Mirambo amekata njia, Livingstone alikuwa mzima upande wa kule. Njia kukatika ni jambo moja. Mtu kufa ni jambo lingine. Fundi wetu ana neno moja kwa yote mawili."

Sasa kila mmoja alitaka kujieleza. Redio alisema kwamba yeye humpelekea Busta vitu viwili, si kimoja. Kwanza sauti, kwenye zile waya za RCA zenye vichwa vyekundu na vyeupe. Hiyo ni dhaifu sana, volti moja au mbili, wakati mwingine hata nusu, na ndiyo Busta anayoikuza. Pili ruhusa, kwenye waya mwembamba wa buluu ambao mafundi huuita wa rimoti. Redio akiwashwa, waya ule hupeleka volti 12 na Busta huamka. Akizimwa, Busta hulala, asije akaimaliza Betri usiku kucha. "Waya ule ukichomoka," alisema Redio, "Busta analala mchana kweupe, na hakuna ugonjwa wowote. Ni mlinzi ambaye hajaambiwa afungue geti."

"Na ethi?" aliuliza Mita kutoka droo. "Hakuna anayetaja ethi."

Hakuna aliyeitaja kwa sababu ethi haina jina kwenye boksi. Ni waya mweusi mfupi, unatoka kwa Busta unafungwa kwenye bodi ya gari, na bodi inarudi hadi kichwa hasi cha Betri. Umeme huenda na hurudi. Mafundi wengi huunyenyekea waya wa moto kama mama mkwe, na waya wa kurudi huufunga popote palipo na bolti.

"Mpagazi wa Kinyamwezi," alisema Punda, "alikuwa akibeba frasila mbili, kilo thelathini na ushee, kutoka hapa hadi pwani. Wazungu Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Ndivyo njia ilivyokuwa ndefu. Sasa mwambie mpagazi huyo: njia ya kwenda ipo, ya kurudi hakuna. Atakwenda?"

"Hatakwenda," alisema Busta.

"Na akikwenda?"

"Mabaya zaidi," alisema Mita. "Baadhi ya mabusta yakinyimwa ethi yao huutafuta mlango wa uani: umeme unarudi kupitia ganda la waya wa RCA, unaingia kwa Redio, waya mwembamba kama uzi, na unamuunguza Redio ambaye hakuhusika. Ndiyo maana kabla ya kupima unachomoa RCA. Kwanza unachomoa, halafu unapima."

Redio aliposikia hivyo akafuta kioo chake chote, kwa hofu.

Hapo Punda akakohoa, na wote wakajua kinachokuja. Ilikuwa sauti ya mzee aliyemaliza hadithi na anaingia kwenye mawaidha.

"Mnamlaumu fundi," alisema. "Nami nimemlaumu. Lakini mwiteni bosi mwenye Noah, simameni naye hapa, mwulizeni swali moja: fundi akikaa saa nzima na Mita, akakuta bolti imelegea, akaikaza, sauti ikatoka, utamlipa nini? Atacheka. Atasema, umekaza bolti tu, kaka, hiyo nayo ni kazi? Atatoa hela ya soda. Lakini fundi huyohuyo akimwambia imekufa, tununue mpya, mnamlipa kufunga, mnamlipa kwenda dukani, na huko dukani ana lake. Mmeweka bei kwenye kubadilisha. Kwenye kujua hamkuweka bei. Halafu mnashangaa mji mzima unabadilisha na hakuna anayejua! Mnalipia boksi kwa kuwa boksi linashikika. Maarifa hayashikiki, basi ni bure. Na betri ya volti 9 ya huyu ndugu yetu Mita, mwaka mzima, hakuna aliyeona sababu ya kuinunua, kwa sababu ukweli hauna mteja hapa! Na kijana mmoja anaondoka shule ya ufundi anajua kupima, anafika karakanani anaambiwa weka hiyo takataka, gonga, sikiliza! Aibu! Nchi inaagiza vitu kwa makontena na kuvitupa vikiwa hai!"

Akasimama. Alikuwa anahema. Ilikuwa hotuba ndefu kwa mnyama wa mkokoteni, na kuna sehemu yake ambayo haikuwa ya punda kabisa.

"Halafu mnasema shukrani ya punda ni mateke," aliongeza kwa sauti ya chini.

Bodaboda ikarudi. Fundi akashuka na boksi jekundu lililochorwa moto na fuvu, na tarakimu 5000 kubwa kuliko jina la kampuni. Akamfungua Busta kwa bisibisi, akamweka chini ya benchi, akafunga mpya kwenye nyaya zilezile, kwenye bolti zilezile. Ilimchukua dakika kumi na tano, maana alikuwa hodari wa kufunga.

"Habari zenu," alisema Busta Mpya. "Mbona giza?"

"Karibu ahera," alisema Busta wa chini ya benchi.

Fundi akawasha redio. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya. Akamgonga Busta Mpya kwa mpini mara mbili, akatega sikio. Punda aligeuza uso. Kuna mambo mnyama mwenye staha hatazami.

"Nayo imekufa," alisema fundi. "Mzigo wa siku hizi, bosi, ni takataka tupu." Bosi akapandisha sauti, fundi akapandisha yake, wakakubaliana jambo moja, kwamba kosa ni la dukani, na wote wawili wakapanda bodaboda na boksi lao. Punda alikuwa ameshachungulia ubavu wa yule mpya kabla hawajamfunga tena kwenye boksi. Fyuzi yake ilikuwa ya ampea 30.

Dogo alibaki, akichokoa meno. Alikuwa amepita VETA, na kwa miezi minane pale alikuwa amejifunza kunyamaza. Akavuta droo kutafuta bisibisi ndogo, akamwona Mita. Akamgeuza, akamfungua mgongo, akaona betri imeoza. Akatazama huku na huko. Kwenye kiti cha mbele cha Noah palikuwa na ile maikrofoni isiyo na waya, ya matangazo. Akaifungua tumbo: volti 9. Akaitoa, akamvisha Mita.

"Ah," alisema Mita, na tarakimu zikaja.

Dogo akamrudisha Busta wa zamani mahali pake, akachomoa RCA, akawasha swichi na redio. Akageuza kitasa cha Mita hadi volti 20 za betri. Kwenye Betri: 12.6. Kwenye Fyuzi, mguu mweusi ukiwa kwenye kichwa hasi cha Betri: 12.6 upande wa huku, 12.6 upande wa kule. Akaja nyuma. Mguu mwekundu kwenye moto wa Busta, mguu mweusi kwenye ethi ya Busta: tarakimu zikarukaruka, zikatua kwenye sifuri.

Hapo wengine wengi wangeinuka na kusema waya wa moto umekatika. Dogo hakuinuka. Aliacha mguu mwekundu palepale, akautoa mweusi kwa Busta, akaukuna kwenye chuma cha bawaba ya mlango, mahali rangi ilipokwanguka. 12.6. Akahamisha mwekundu kwenye rimoti: 12.1. Moto upo. Ruhusa ipo. Njia ya kurudi ndiyo haipo.

Akafuata waya mweusi kwa vidole. Ulikuwa hauna urefu wa mkono, ukaingia chini ya zulia, ukaishia kwenye bolti iliyofungwa juu ya rangi. Tangu siku ya kwanza ilikuwa imeshika kwa meno ya bolti tu. Maji ya kuoshea gari yalikuwa yamepita pale, kutu ikala yale meno, na mtikisiko ukaimalizia kuilegeza.

"Mtikisiko wa nani?" aliuliza Punda, ingawa alijua.

Sabwufa akasoma zulia lake.

Dogo akachomoa kichwa hasi cha betri, akatoa bolti, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa duara la ukubwa wa shilingi mia mbili, akafunga tena, akakaza kwa spana, akapaka grisi juu kuzuia kutu. Akarudisha betri, akapima: 12.6. Taa ya kijani ikawaka kwa Busta. Akachomeka RCA. Kitasa cha sauti alikikuta kimekorogwa hadi mwisho na fundi wakati wa kutafuta uhai, naye hakukigusa.

Kwa nguvu zake zote, wati mia mbili na kitu, Noah ikapiga kelele kwa sauti ya mwanamke wa Kijapani, yule anayewasalimia wenye magari kila wanapowasha, akidai kadi ambayo haijawahi kuuzwa Tabora. Kunguru waliruka. Mama ntilie aliangusha mwiko. Punda, ambaye amesikia mengi, alipiga teke moja hewani bila kukusudia.

Bosi na fundi waliporudi, duka lilikuwa limewaonyesha ubao wake: mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi alisikia muziki tangu barabarani, akafika akisema alijua. Busta Mpya akafungwa, kwa kuwa ameshalipiwa, kwenye ethi aliyoikwangua Dogo, na akapiga vizuri tu. Busta wa zamani fundi alimchukua kama chuma chakavu. Sasa anapiga muziki kwenye kibanda cha shemeji yake, Isevya. Bosi alilipa busta, akalipa kufunga, akalipa bodaboda mara mbili. Dogo alipewa soda.

Kesho yake kulikuwa na msiba wa kutangaza. Bosi aliwasha Noah, akashika maikrofoni, akasema alo, alo. Kimya. Akaipeleka karakanani. Fundi akaigonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi, akatega sikio.

"Hii imekufa," alisema.